Mkwaruzo wa Kengele ya River Road

Baba alisikiliza kama sekunde tano hivi, macho ameyafumba, kiganja kimelala juu ya meza. Kisha akatikisa kichwa.

"Hiyo siyo."

Kazi ile ya kuifufua kengele ya kompyuta yake ya zamani ilikuwa imenila miezi saba. Programu iliyokuwa ikilia ni yake mwenyewe, aliichapa kabla sijazaliwa, na nilikuwa nimeisoma kutoka kwenye kaseti yake bila kupoteza hata baiti moja. Nikamweleza hivyo.

"Sikatai, baiti ni zangu," akasema. "Sauti ndiyo si yake. Kengele yangu ilikuwa na mkwaruzo, Mama. Hii imelainika kama ya simu."

Ananiita Mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Akilitumia katikati ya ubishi wa kifundi, ujue harudi nyuma.

Baba alikuwa fundi wa redio na televisheni. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja orofa ya kwanza, River Road, Nairobi, unapanda ngazi nyembamba yenye giza hata saa sita mchana. Mwaka 1984 mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao Uingereza alimletea televisheni ya kutengeneza, na badala ya pesa akamwachia kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira: ZX Spectrum ya kilobaiti 48. Ilikuwa imetoka Aprili 1982, ikaenea sana Uingereza kwa sababu bei yake iliwezekana. Ubongo wake ni Z80A inayopiga mapigo milioni 3.5 kwa sekunde, na skrini yake ni televisheni yoyote uliyo nayo, ukiitafuta kwenye chaneli ya 36 ya UHF.

Mtu mwingine angecheza michezo. Baba aliona kifaa cha kazi. Televisheni za rangi za wakati ule zilihitaji kurekebishwa ili nyekundu iwe nyekundu skrini nzima bila doa la kijani pembeni, na mtambo wa kutoa picha za kupimia ulikuwa ghali kuliko kodi ya karakana. Spectrum ilimpa skrini nzima ya nyekundu kwa amri moja, ya kijani kwa nyingine, ya buluu kwa nyingine, na gridi ya mistari myeupe kwa programu ya mistari minne. Aliitumia hivyo miaka saba.

Kengele ilikuja baadaye. Alifanyia kazi chumba cha ndani na wateja walikuwa wakipanda wasimwone mtu, wanashuka. Akavuta waya kutoka mlango wa chini hadi kwenye kibodi, akauunga sambamba na kitufe cha nafasi. Mlango ukifunguliwa, Spectrum huona kitufe kimebonyezwa na kuanza kulia kama king'ora. Lugha ya BASIC ilikuwa nzito mno kwa sauti aliyoitaka, kwa hiyo akajifunza lugha ya mashine kutoka kwenye kijitabu, akaandika namba kwa penseli na kuziingiza moja moja ndani ya mstari wa REM, ule wa maelezo ambao BASIC huuruka. Namba ya kwanza ilikaa kwenye anwani 23760. Ishike anwani hiyo akilini, nitairudia.

Mwaka 1991 kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi pale alichomeka adapta ya redio. Plagi ya Spectrum ina hasi katikati, na adapta nyingi zina chanya. Mashine ilikufa papo hapo. Baba akaifunga kwa gazeti, akaiweka kwenye katoni pamoja na kaseti zake, na katoni ikahama nasi kila tulikohama.

Aprili 2024 nilisoma kwamba kampuni ya Zilog inaacha kutengeneza Z80 ya pekee, chipu iliyokuwa sokoni tangu 1976. Mimi ni fundi wa lifti, na chipu hiyo nimekutana nayo ndani ya bodi za lifti za zamani, kwa hiyo habari ilinigusa kikazi kwanza. Jioni hiyo nikakumbuka katoni.

Tuliifungua Jumapili, Baba na mimi, nyumbani kwake Kariobangi. Ubongo wenyewe ulikuwa mzima. ROM, kumbukumbu ya kudumu ya mashine, ilikuwa nzima. Zilizokufa ni kumbukumbu za chini, chipu nane za aina ya 4116 zinazotaka volti tatu tofauti: 12, 5 na hasi 5. Ile ya hasi ikikatika hata kwa muda mfupi, zinaweza kuungua. Kumbukumbu za juu zilinifundisha jambo ambalo Baba alilijua siku zote. Sinclair, kampuni iliyoitengeneza Spectrum, walinunua chipu za kilobiti 64 ambazo nusu yake ilikuwa mbovu tangu kiwandani, wakatumia nusu iliyo nzima. Spectrum nyingi za kilobaiti 48 za miaka ile zilitoka dukani zikiwa na ubovu uliopangiwa mahali pake. Baba alinieleza kwa heshima kabisa, kama fundi anayesifu kazi ya fundi mwenzake.

Chipu zile nane ningeweza kuzitafuta. Kikwazo kilikuwa ULA, nayo pia ilikuwa imeungua. ULA ndiyo inayochora picha, kusoma kibodi na kaseti, kutoa sauti, na kumpa Z80 mapigo yake. Kampuni ya Ferranti iliitengeneza kwa ajili ya Sinclair pekee, kwa mchoro wa Richard Altwasser. Haikuuzwa madukani kama chipu nyingine.

"Zote zina ndugu," Baba akasema, akiigonga kwa ncha ya bisibisi. "Hii haina."

Lakini nilipoanza kusoma niligundua kwamba ULA ina mjukuu. Jina lake lenyewe lina maana ya safu ya milango ya mantiki isiyopangiwa kazi: Ferranti walitengeneza kipande cha silikoni chenye milango mingi iliyokaa bure, na tabaka la mwisho la chuma ndilo lililoamua milango iungane vipi kwa mteja huyu au yule. FPGA, mjukuu huyo, ni wazo hilo hilo, ila tabaka la mwisho haliwekwi kiwandani. Unaliweka wewe, mezani kwako, na kulifuta na kuliweka upya mara elfu. Xilinx walitoa ya kwanza yao mwaka 1985, ikiwa na vipande 64 tu vya mantiki. Bodi niliyonunua mimi, Tang Nano 20K, ina vijedwali 20,736, na inaenea kwenye kiganja. Kila kijedwali kina nafasi 16 za sifuri au moja na kinapokea nyaya nne; ukijaza nafasi hizo utakavyo, kinakuwa mlango wowote wa mantiki wenye nyaya nne. Vingine vyote ni kuunganisha.

Sikuanza na hiyo, kwa kweli. Nilianza na ndugu yake mdogo, 9K, kwa sababu ya bei, na hesabu ikanikamata. Spectrum inahitaji kilobaiti 16 za ROM na 48 za RAM, kumbukumbu ya kazi, jumla 64. Kumbukumbu ya ndani ya FPGA hizi imegawanywa katika vyumba vya kilobaiti mbili mbili. Nahitaji vyumba 32. Ile 9K ina 26. Ina kumbukumbu nyingine ya pembeni, lakini hiyo hujibu kwa kuchelewa, na sikutaka kuanza masomo kwa kupigana nayo. Ile 20K ina vyumba 46. Anayetaka kuingia kazi hii ahesabu vyumba kabla ya kuhesabu shilingi.

Kosa langu la mwezi wa kwanza lilitokana na kazi yangu ya mchana. Kidhibiti cha lifti hupitia mantiki yake ngazi moja baada ya nyingine, kutoka juu hadi chini, kisha kinaanza tena. Nikaandika Verilog, lugha ya kuelezea saketi, kwa mawazo hayo: mstari wa kwanza utokee, halafu wa pili. Hautokei hivyo. Andika kwamba A ichukue thamani ya B, na chini yake kwamba B ichukue thamani ya A. Kwenye programu ya kawaida zote mbili zitaishia na thamani ya B. Kwenye saketi zinabadilishana, kwa sababu zote mbili zinaangaliana kwenye pigo lile lile. Unachoandika ni waya, na waya haina zamu. Nililielewa jambo hilo nikiwa nimesimama juu ya kizimba cha lifti huko Upper Hill nikiangalia kizimba cha pili kikishuka wakati changu kinapanda, na niliporudi nyumbani nilifuta karibu kila kitu nilichokuwa nimeandika.

Z80 sikuiandika mwenyewe. Daniel Wallner aliandika T80, Z80 ya wazi kwa VHDL, lugha nyingine ya kuelezea saketi, na wajenzi wengi wameitumia kwa miaka mingi. Nikaichukua kwa shukrani. ROM niliitoa kwenye mashine ya Baba kwa Arduino, bodi ndogo ya majaribio, baiti 16,384, na nilipoona zinaanza na F3 AF 11 FF FF nilijua ni yenyewe. ULA ndiyo niliyotaka kuiandika kwa mkono wangu.

Hapo nikakutana na swali la mapigo, na naomba msomaji avumilie, kwa sababu kwangu hili ndilo tamu kuliko yote. Bodi ina fuwele inayotoa mapigo ya megahezi 27, yaani milioni 27 kwa sekunde. Spectrum inataka 3.5. Ukigawanya 27 kwa 3.5 hupati namba kamili. Nilitafuta karibu yake, nikapata picha nzuri, lakini kila baada ya sekunde kama kumi na mbili skrini ilishtuka mara moja, kama mtu aliyepepesa jicho. Niliilaumu kebo ya HDMI. Nikanunua nyingine barabara ya Luthuli. Ikashtuka vile vile, sekunde kumi na mbili na nusu.

Nilipoacha kununua vitu na kuchukua kalamu, jibu lilikuwa pale pale. Spectrum inachora picha moja kwa mapigo 69,888. Gawanya milioni 3.5 kwa hiyo: picha 50.08 kwa sekunde. Televisheni ya kisasa inayopokea HDMI ya mistari 576 inataka picha 50 kamili. Ile 0.08 inajikusanya, na baada ya sekunde 12.5 inakuwa picha nzima isiyo na mahali pa kukaa. Kwa hiyo nilipunguza mwendo wa mashine nzima ili izalishe picha 50 kamili: mapigo 3,494,400 kwa sekunde. Ni upungufu wa chini ya sehemu mbili kwa elfu, hakuna sikio linalousikia. Na kwa bahati njema, 27,000,000 ndiyo hasa idadi ya pikseli za HDMI hiyo kwa sekunde, ukihesabu na zile zisizoonekana: 864 mara 625 mara 50. Vikakutana. Katika kila mapigo 5,625 ya bodi, Z80 inapewa 728, yakisambazwa sawasawa kwa kihesabu kidogo kinachojumlisha 728 na kutoa 5,625 kila kinapofika. Mistari ya Spectrum ni 312, mara mbili yake ni 624, na HDMI ina 625; ule mmoja uliobaki niliuacha uwe mweusi chini ya picha. Mshtuko ukakoma. Nilikaa saa nzima nikiangalia skrini tupu isiyoshtuka.

Kibodi ilikuwa kazi ya mikono tu: swichi 40 ndogo za kubonyeza na diodi 40, zikalehemiwa kwa wikendi mbili.

Kaseti ilikuwa kazi ya Baba. Redio-kaseti tuliyoipata kwa muuzaji wa mitumba ilikuwa na mkanda wa mpira uliogeuka lami. Baba akausafisha kwa spiriti, akaweka mwingine, kisha akafanya jambo ambalo sikulijua: alichukua bisibisi nyembamba, akageuza skrubu ya kichwa cha kusomea robo mzunguko, huku kaseti inacheza, akitafuta mahali ambapo sauti inang'aa zaidi. Kichwa kikiinama hata kidogo, sauti za juu zinafifia, na kwa Spectrum hiyo ni tofauti kati ya sifuri na moja. Sifuri ni mawimbi mafupi, mapigo 855 kwa kila nusu wimbi; moja ni marefu mara mbili, 1,710. Kabla yake unakuja mlio wa utangulizi wa sekunde tano, ule ambao yeyote aliyewahi kuimiliki mashine hii anaweza kukuimbia. Baba aliuimba kabla haujaanza, na alikuwa kwenye noti yenyewe.

Data zilisomeka mara moja kati ya tatu. Mara nyingine kaseti ilifika katikati, ikatokea herufi R na taarifa ya kosa. Hapa napo palikuwa na somo ambalo hakuna kitabu kingenieleza vizuri kuliko usumbufu wenyewe: wimbi la kaseti halijui mapigo ya bodi yangu. Linaweza kubadilika wakati ule ule pigo linapoanguka, na sehemu moja ya saketi ikaliona sifuri huku nyingine ikaliona moja. Dawa yake ni kulipitisha kwanza katika vituo viwili, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikingoja pigo lake, ndipo ndani walione wote kwa sura moja. Mistari miwili ya Verilog. Baada ya hapo kaseti ya mwaka 1986 ilisomeka mara kumi kwa kumi.

Bodi ya kwanza, ile 9K, niliiharibu katika hatua hii. Kikuza sauti cha kaseti kilikuwa cha volti 5, na pini za FPGA zinataka 3.3. Nilijua, na niliunganisha nikiwa nimechoka saa saba usiku. Tangu siku hiyo silehemu baada ya saa nne.

Ndivyo tulivyofika kwenye ile "hiyo siyo."

Watu huniuliza kwa nini nisingetumia emuleta, programu inayoigiza mashine nyingine, kwenye simu. Emuleta nzuri zipo, na zile zilizoandikwa kwa uangalifu huhesabu kila pigo. Mimi nilitaka waya, kwa sababu Baba ni mtu wa waya. Lakini kuna imani inayosambaa kwamba FPGA ni mashine halisi kwa sababu tu ni saketi, na hiyo imani nilikuwa nayo mimi. Baba aliivunja kwa sekunde tano. FPGA haikupi usahihi bure. Inakupa tu kile ulichojua kukiandika, na mimi kulikuwa na kitu sikukiandika.

Nilirudi kusoma jinsi ULA inavyofanya kazi. Picha ya Spectrum imekaa kwenye kumbukumbu, kuanzia anwani 16384. ULA lazima iisome kwa wakati, kwa sababu miale ya televisheni haingoji mtu. Z80 nayo inataka kumbukumbu hiyo hiyo. Wote wawili hawawezi kuingia pamoja, kwa hiyo ULA ina amri: Z80 ikigusa chochote kati ya 16384 na 32767 wakati picha inachorwa, inanyimwa mapigo. Inagandishwa tu, mpaka ULA imalize. Ucheleweshaji wenyewe una mpangilio: mapigo 6, au 5, 4, 3, 2, 1, kisha sifuri, sifuri, halafu unaanza tena, kutegemea umefika wakati gani. Hutokea katika mistari 192 kati ya 312, na katika kila mstari mapigo 128 kati ya 224. Nje ya hapo, kwenye pambizo za picha, barabara ni wazi.

Na 23760, anwani ya kengele ya Baba, iko katikati ya eneo hilo.

Kengele yake ilikuwa ikikimbia kwa uhuru pambizo zilipokuwa zikichorwa, kisha inakwamakwama picha ilipoanza, mara 50 kila sekunde. Huo ndio mkwaruzo. Haukuwa kwenye programu hata kidogo. Ungesoma baiti zake zote usiuone. Ulikuwa kwenye kugombania.

Ndani ya FPGA yangu hakuna ugomvi wowote. Vyumba vyake vya kumbukumbu vina milango miwili. ULA inaingia kwa mmoja, Z80 kwa mwingine, wala hawaonani. Kumbukumbu ya leo ni njema kupita kiasi. Ili kuirudisha sauti ya Baba ilinibidi nijenge foleni pasipo msongamano, kama askari wa trafiki anayesimamisha magari kwenye mzunguko wa Nyayo Jumapili alfajiri, barabara tupu pande zote.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa haraka. Nilichukua wastani wa ucheleweshaji, nikauweka kila mara Z80 inapogusa eneo hilo. Nikampigia Baba simu, nikaiweka karibu na spika.

"Imeshuka," akasema. "Bado laini."

Alikuwa sahihi tena. Ucheleweshaji unaofanana wakati wote hushusha noti tu. Mkwaruzo unatoka kwenye kupishana, kuna foleni, hakuna foleni, kuna foleni.

Nikaandika mpangilio kamili. Kabla ya kumsikilizisha nilijipima kwa programu ndogo inayobadilisha rangi ya pambizo kwa pigo maalumu; mstari wa rangi ulitokea hatua moja kando ya mahali ulipopaswa kuwa. Nilikuwa nimeanza foleni kwenye pigo la 14,336, pale picha inapoanza. ULA huanza pigo moja mapema, 14,335, kwa sababu inajiandaa kusoma. Pigo moja kati ya karibu elfu sabini. Sidhani Baba angelisikia, lakini nilimwona akigeuza ile skrubu robo mzunguko, na sikuweza kuliacha.

Jumamosi nilibeba kila kitu hadi Kariobangi. Nikawasha, ikawaka, na kabla sijaketi stima ikapotea. Iliporudi baada ya saa moja, skrini ilikuwa nyeusi. FPGA ya aina hii inashikilia mpangilio wake kwa umeme. Umeme ukikatika inabaki silikoni isiyojua ilikuwa nini. Kuna flashi ya pembeni ya kuhifadhi mpangilio huo, nami sikuwa nimeiandika, na kompyuta yangu nilikuwa nimeiacha Umoja. Tulikunywa chai. Nilipanda matatu kwenda na kurudi, na jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuandika flashi.

Jua lilikuwa limeshazama tulipobonyeza J, kitufe kinacholeta amri ya kusoma kaseti. Mistari myekundu na samawati ikapanda pembeni mwa skrini, kisha ya buluu na njano. Baba hakufumba macho safari hii. Aliangalia mistari mpaka ikaisha, akaendesha programu, akanyoosha kidole mwenyewe na kubonyeza kitufe cha nafasi.

Kengele ikalia na ule ukali ndani yake, kama sauti inayosikika kupitia meno ya kitana.

Hakusema kitu. Akaachia kitufe, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Mama yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akasema, "Hiyo si ya River Road hiyo?" Miaka mingi alikuwa akipanda zile ngazi na chakula cha mchana, na kila siku ilimlilia.

"Ndiyo yenyewe," Baba akamjibu. Kisha akanigeukia. "Waya wa mlango uko wapi, Mama?"

Sikuwa nimeufikiria waya wa mlango. Alishainuka, akavuta kitabati chake cha nyaya kutoka chini ya kabati, na kuanza kuukunjua mmoja sakafuni, hatua kwa hatua, kupita sebuleni, kibarazani, mpaka getini. Ulikuwa na mita sita. Kutoka mezani hadi getini ni tisa na kidogo. Jumatatu nilipotoka kazini nikapitia Luthuli, nikanunua mita nne.